Asubuhi za kipupwe: mwongozo kamili kwa wazazi na walimu wa uwanda wa Makonde

Mtu wa Mtwara mjini akiambiwa Newala kuna baridi hucheka, mpaka alale huko usiku mmoja wa Julai. Uwanda wa Makonde hupanda taratibu kutoka upande wa bahari hadi kukaribia mita 900 upande wa Newala, na kila mita 100 za kupanda hupunguza zaidi ya nusu ya nyuzi. Alfajiri ambayo Mikindani wana nyuzi 20, Newala na sehemu za juu za Tandahimba wanaweza kuwa na 15 au 16, tena katikati ya ukungu. Wakazi wa Rondo, mkoani Lindi, wanajua habari hiyohiyo. Asiye na kipimajoto atazame chupa ya mafuta ya nazi: mafuta hayo huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo yakiwa magumu kama samli mpaka saa 4 asubuhi, darasani nako hakujapata joto.

Hizo si nyuzi za kuua mtu. Katika nchi za theluji shule hufungwa kwa sababu ngozi ya mtoto inaweza kuganda akiwa njiani. Kwetu hilo halipo, na hakuna sababu ya shule kufungwa kwa baridi hata siku moja. Vinavyowaumiza watoto wetu ni vitu vinne vinavyokuja pamoja na baridi: kulowa, njaa, giza na jiko la mkaa. Mzazi akinunua sweta la pili huku mtoto anatoka na soksi mbichi na tumbo tupu, amepoteza fedha.

Kipupwe ni Juni, Julai na Agosti. Kwa kuwa sehemu kubwa ya Juni ni likizo, wiki za kazi ni za Julai na Agosti. Ndiyo maana maandalizi hufanyika Mei, kabla shule hazijafungwa.

Mwezi Mei: kikao cha kamati ya shule

Mwalimu mkuu asingoje watoto waanze kukohoa. Kikao cha mwisho cha kamati ya shule kabla ya likizo kiamue mambo matatu tu: saa ya kufika, uji, na nguo zitakazoruhusiwa.

Saa ya kufika ndiyo yenye mabishano, basi tuanze nayo. Julai jua huchomoza Newala kama saa 12:40 asubuhi, takriban dakika 50 baadaye kuliko katikati ya Novemba. Shule inayotaka watoto wawe wamefika saa 12:45 mwaka mzima inamtoa mtoto wa kilomita tatu nyumbani saa 12 kamili au kabla yake, gizani, umande ukiwa mwingi na joto likiwa la chini kuliko saa nyingine zote. Anatembea robo tatu ya saa au zaidi ili aje kufagia uwanja.

Dakika za kumwongezea zinatoka kwenye usafi wa asubuhi. Vipindi havikatwi. Ratiba inayofanya kazi ni hii: kufika saa 1:15, uji hadi saa 1:40, mstarini dakika kumi, watoto wakiwa wamesimama upande wa jua, darasani saa 1:50. Usafi unahamia baada ya vipindi vya mchana. Afisa elimu kata aarifiwe kwa barua mapema, asije akafika siku ya ukaguzi akadhani walimu wamelala.

Ujumbe kwa wazazi uwe mfupi, utumwe kwa simu na ubandikwe kwa mwenyekiti wa kitongoji:

"Wazazi wetu, kuanzia shule itakapofunguliwa Julai hadi mwisho wa Agosti wanafunzi wafike saa 1:15 asubuhi. Sweta au jaketi la rangi yoyote linaruhusiwa hadi saa 4:00. Wasichana wanaruhusiwa kuvaa suruali au taiti ndani ya sketi. Kila mtoto aje na kikombe na soksi kavu. Mwenye mtoto wa selimundu au pumu amwone mwalimu wa darasa wiki ya kwanza."

Hilo la rangi yoyote husumbua baadhi ya walimu. Lakini ukimwambia mzazi atafute sweta la kijani kibichi la shule, atakayelipata ni mwenye fedha. Ukimwambia sweta lolote, hata mwenye shilingi chache ataokota kitu mnadani kwenye mitumba. Na kwa miezi hii miwili, viboko kwa wachelewaji viachwe. Mtoto anayejua atachapwa huondoka nyumbani bila kunywa kitu, au hurudia njiani na kushinda porini.

Nguo

Fulana ya pamba iliyobana, inayovaliwa ndani ya shati, ina faida kuliko sweta la pili. Joto la mwili hushikwa na hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo, na hewa hiyo hainaswi na nguo inayopwaya. Mpangilio ni fulana, shati, kisha sweta. Masweta mengi ya shule yamefumwa kwa nyuzi za akriliki zenye matundu makubwa, na upepo wa kusi hupita humo bila hodi. Mitumbani jaribu hivi: weka sweta mdomoni, upulize. Ukiisikia pumzi yako kwa urahisi upande wa pili, upepo nao utapita. Chagua lililofumwa kwa kubana, hata kama limechuja rangi.

Kwa wanaovaa hijabu, kichwa na shingo vimeshahifadhiwa. Wengine wafungwe mtandio au kipande cha kanga shingoni, kisipite kifuani mpaka kikaning'inia kwenye tairi la pikipiki.

Kufua kuna saa zake uwandani. Sare iliyofuliwa Jumapili jioni haitakauka Jumatatu. Loweka Ijumaa jioni, fua Jumamosi asubuhi, anika kuanzia saa 3 umande ukishaondoka, anua kabla ya saa 11 jioni. Nguo iliyosahauliwa kambani hadi magharibi hunyonya unyevu upya hata kama mchana ilikauka kabisa. Ikitokea sare imebaki mbichi, ipige pasi kwa ndani mpaka mvuke uishe. Kama pasi ni ya mkaa, pigia barazani. Usimvalishe mtoto nguo mbichi kwa matumaini kwamba itakaukia mwilini. Itakaukia, ila joto litakalotumika kuikausha ni lake.

Nyumbani, alfajiri

Maji ya kuoga: sehemu moja ya maji yaliyochemka kwa sehemu tatu za maji ya mtungini. Kwa mtoto wa darasa la tatu, lita 2 za moto na lita 6 za baridi hutoa ndoo ya karibu nyuzi 39, yaani joto la kuoga bila kuungua. Baridi hutangulia kwenye ndoo, moto hufuata. Watoto wengi huungua asubuhi kwa sababu ulimwaga maji ya moto kwanza, ukaenda kuchota ya baridi, mdogo akaingiza mkono. Pima kwa kiwiko chako, si kwa kiganja, maana kiganja cha mtu wa jikoni kimeshazoea.

Uwandani maji ni mali, na kuni zina gharama. Familia isiyoweza kuchemsha kila siku imwogeshe mtoto saa 10 jioni jua lingalipo, asubuhi anawe uso, makwapa na miguu tu. Hakuna ugonjwa utakaotoka hapo. Baada ya kuoga akaushwe nywele na katikati ya vidole vya miguu, apakwe mafuta. Hewa ya kusi hukausha ngozi mpaka visigino vikapasuka, na ufa wa kisigino ukiingia maji ya umande huuma njia nzima.

Kuhusu kifungua kinywa, chai ya rangi peke yake humpa mtoto joto la robo saa. Baada ya hapo anarudi alipokuwa, kwa sababu mwili hutengeneza joto kwa chakula. Uji wa watoto watatu ni maji lita 1, unga gramu 100 (robo tatu ya kikombe cha robo lita) na vijiko viwili vikubwa vya karanga au korosho zilizosagwa. Karanga zilizoota ukungu au zenye uchungu zitupwe. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Asiyeweza uji apashe kiporo cha muhogo au viazi mpaka kitoe mvuke katikati, si juu tu.

Njiani: umande, giza na salfa

Nyasi za kando ya njia Julai humwaga maji kama zimenyeshewa. Kiatu cha shule kikilowa saa 12:30 hakitakauka kabla ya saa 6 mchana, na mtoto atakaa darasani kwa muda wa saa tano akiwa na miguu ya baridi. Njia rahisi ni kutenganisha safari na darasa. Atembee na ndala au yeboyebo, viatu na soksi viwe begani. Akifika afute miguu kwa kitambaa, avae vikavu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, basi soksi ziwekwe kwenye kopo lenye mfuniko au zifungwe ndani ya kanga katikati ya begi. Shule iweke magunia matatu safi mlangoni pa kila darasa la chini kwa ajili ya kujifutia.

Watembee kwa makundi, mkubwa mmoja mbele na mwingine nyuma, wenye tochi. Penye barabara ya magari watembee upande wa kulia, wakiyatazama yanayokuja. Kwenye ukungu dereva humwona mtoto wa sweta la bluu akiwa ameshamfikia. Kitambaa cheupe kilichofungwa mgongoni juu ya begi husaidia kuliko maonyo.

Kwenye bodaboda abiria mtoto hupigwa na upepo unaolingana na mwendo, na anayewekwa mbele ya dereva, juu ya tangi, ndiye anayepata baridi na hatari zaidi. Akae nyuma, mmoja tu, jaketi amevaa kinyume ili zipu iwe mgongoni na kifua kisipitishe upepo. Taa iwashwe hata kama kumeshapambazuka.

Sasa salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Mwongozo wowote wa baridi uliotoka mahali pengine hautaitaja, lakini huku nayo huja na msimu huohuo. Msimu wa kupulizia mikorosho unaangukia kwenye kipupwe, na wakulima hupulizia salfa ya unga alfajiri kwa sababu mbili za haki kabisa: upepo umetulia, na umande hushikisha unga kwenye majani na maua. Saa hiyohiyo watoto wanapita chini ya mikorosho hiyohiyo. Unga huo ukiingia machoni unachoma. Ukiingia kwenye mapafu ya mwenye pumu humwangusha.

Kumwambia mkulima aache kupulizia ni kupoteza muda, na akipulizia mchana upepo utaubeba unga wote. Kinachowezekana ni makubaliano ya kitongoji, mwenyekiti akiwa shahidi. Mashamba yanayopakana na njia za shule yaanze saa 10 alfajiri na bloa, yaani mashine za kupulizia, zizimwe saa 12 kamili. Isipowezekana, mwenye shamba atoe taarifa jioni iliyotangulia, watoto wapitishwe njia nyingine. Makubaliano haya huvunjika kwa sababu moja, nayo ni mashine ya kukodi. Bloa inazunguka kwa watu kumi, wa mwisho anaipata saa 1. Basi foleni ya bloa ipangwe kwa kuwatanguliza wenye mashamba ya njiani.

Mtoto akipatwa na unga, kung'uta kwanza nguo na nywele zikiwa kavu, ndipo umnawishe. Macho yasafishwe kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, bila kuyasugua. Abadilishe shati. Na mtoto wa shule asipewe kazi ya kushika gunia la salfa kabla ya kwenda darasani, hata kama ni shamba la baba yake.

Kwa wa pwani neno ni moja. Wanaovuka kwa vivuko vya Msangamkuu na Kitunda wafunikwe dhidi ya marasharasha ya mawimbi, na wazazi wasikilize Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Siku hiyo mtoto asivushwe kwa mtumbwi.

Uji wa shule

Hesabu ya wanafunzi 100, kila mmoja kikombe cha mililita 300: uji lita 30. Hiyo ni maji lita 32 (mbili hupotea kwa mvuke), unga kilo 3, sukari kilo 1.2, karanga zilizosagwa kilo 1 na chumvi vijiko viwili vya chai. Shule ya wanafunzi 400 izidishe kwa nne, lakini isipike kwenye sufuria moja. Sufuria mbili za lita 70 huiva mapema na hazimzidi nguvu mpishi.

1. Maji lita 25 yabandikwe saa 11:30 alfajiri. Kuni ziwe zimeingizwa ndani jana yake. Kuni zilizolala nje kwenye umande hula nusu saa ya kupuliza na kujaza moshi.

2. Koroga unga wote kwenye lita 7 za maji baridi zilizobaki mpaka mabonge yaishe. Unga ukimwagwa mkavu kwenye maji ya moto hufunga mabonge ambayo hakuna mwiko utakaoyavunja.

3. Maji yakichemka, mimina mchanganyiko taratibu huku mwenzako anakoroga. Punguza moto.

4. Pika dakika 25 tangu uanze kutokota. Wapishi wengi huepua baada ya dakika kumi kwa kuwa uji umeshakuwa mzito. Uzito si kuiva. Unga mbichi ndio unaowajaza watoto gesi kipindi cha pili.

5. Karanga ziingie dakika tano za mwisho, sukari na chumvi ukishaepua.

6. Uache upoe dakika 10 kabla ya kugawa. Kikombe cha bati hupitisha moto wote mkononi, na mtoto mwenye vidole baridi hukishika kwa pupa kisha hukiachia. Wa awali na darasa la kwanza wagawiwe wakiwa wameketi.

Mwenye mzio wa karanga au korosho ajulikane tangu wiki ya kwanza, apikiwe kwenye sufuria yake ndogo.

Unga ukipungua Agosti, na hupungua, punguza siku, usipunguze uzito. Uji wa gramu 50 kwa lita ni maji ya moto yenye rangi. Afadhali siku tatu za uji wa kweli, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na wazazi waambiwe siku ambazo mtoto lazima ale nyumbani.

Darasa

Upepo wa kusi hutoka kusini-mashariki. Madirisha yasiyo na vioo ya upande huo yazibwe kwa maturubai au mbao. Ya upande wa pili yabaki wazi, tena wazi kabisa. Darasa la watoto 90 lililozibwa pande zote lina joto zuri, na kufikia Ijumaa kila mmoja ana mafua ya mwenzake. Wa awali wanaoketi sakafuni wawekewe maboksi yaliyofunguliwa chini ya jamvi. Saruji hunyonya joto kutoka chini kwa kasi kuliko hewa inavyofanya kutoka juu, na jamvi peke yake halizuii.

Mchakamchaka ni mzuri ukifanywa jua likiwa limetoka, baada ya uji kushuka kidogo, kwa dakika tano. Ukifanywa ukunguni saa 12:50, watoto hutoka jasho, wanasimama mstarini, jasho linapoa mgongoni.

Bweni, kambi za darasa la saba, na jiko la mkaa

Hapa tunaomba msomaji apunguze mwendo, kwani hapa ndipo penye vifo.

Julai na Agosti shule nyingi huwaweka darasa la saba kambini wakijiandaa na mtihani wa Septemba, na mara nyingi kambi ni darasa lenye magodoro sakafuni. Usiku wa manane baridi ikizidi, mtu huingiza jiko la mkaa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya hewa safi ndani ya damu. Aliyelala haamki kukohoa. Husinzia zaidi.

Watu hujifariji kwa mambo yasiyo na maana. Mkaa uliokolea mwekundu usiotoa moshi si salama; unaitoa gesi kimyakimya. Sufuria ya maji juu ya jiko haisaidii, wala majani mabichi, wala kufukia makaa kwa majivu. Kuacha upenyo wa mlango hakutoshi. Kanuni ni moja isiyo na msamaha: jiko haliingii mahali watu wanapolala, hata likiwa limezimika nusu. Kibatari na mshumaa navyo vibaki nje ya chandarua.

Watu wawili au zaidi wa chumba kimoja wakiamka pamoja na kichwa kuuma, kizunguzungu au kutapika, usidhani ni chakula. Fungua milango, watoe wote nje, hesabu majina, na wapelekwe hospitali hata wale wanaosema wamepata nafuu. Asiyezinduka alazwe kwa ubavu.

Badala ya jiko, fanya haya. Chini ya godoro weka maboksi na mkeka, kwa sababu baridi ya kambi hutoka sakafuni. Mablanketi mawili mepesi ni bora kuliko moja zito, kwa ajili ya ile hewa katikati. Walale na soksi kavu ambazo hazikuvaliwa mchana. Chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye mchanganyiko wa nusu maji yaliyochemka na nusu baridi, ikafungwa ndani ya taulo, hupasha kitanda upande wa miguuni. Iondolewe kabla mtoto hajasinzia. Usitie maji yanayochemka kwenye chupa hiyo, itajikunja na kumwaga.

Kuota moto nje kunaruhusiwa, hatua mbili kutoka motoni, matroni au mwalimu wa zamu akiwepo. Sweta la akriliki likishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida dakika 20, afunikwe kitambaa safi, apelekwe zahanati. Dawa ya meno, unga na mayai hubaki jikoni.

Watoto wa selimundu na wa pumu

Kwa mtoto wa selimundu baridi si usumbufu, ni kichocheo. Mishipa midogo hujibana, chembe za damu zenye umbo la mundu hukwama, na maumivu huanza mikononi, miguuni, mgongoni. Huyu haogi maji baridi kamwe, hafui, hadeki, hamwagilii bustani asubuhi. Awe na soksi na glavu, hata za mitumba, na chupa ya maji ya lita moja anayoimaliza kabla ya kurudi nyumbani. Watu husahau kunywa maji wakati wa baridi, na damu yenye upungufu wa maji hukwama upesi. Aruhusiwe kwenda chooni bila kuomba mara mbili.

Maumivu yakianza, mpe paracetamol kwa uzito: mtoto wa kilo 20 hupewa miligramu 250, yaani nusu ya kidonge cha 500, kila baada ya saa 6, si zaidi ya mara nne kwa siku. Mpe maji, mfunike. Usimchanje, usimkande kwa kitu cha moto sana. Mpeleke hospitali mara moja akiwa na homa ya nyuzi 38.5 na zaidi, maumivu ya kifua, pumzi za haraka, weupe wa ghafla wa viganja, tumbo kuvimba upande wa kushoto, au akilegea upande mmoja na kusema kwa kukwama. Hospitali za wilaya za Newala na Tandahimba, Mkomaindo na Ndanda upande wa Masasi, Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kwa Mtwara, Sokoine na Nyangao kwa Lindi: namba ya dereva mwenye gari iandikwe ofisini kabla ya Julai.

Mwenye pumu afunike pua na mdomo kwa mtandio akitoka, ili hewa ipate joto kabla ya kufika kifuani. Pampu yake ikae begini mwake au kwa mwalimu wa darasa, sio kabatini kwa mwalimu mkuu aliyekwenda mjini na ufunguo. Shule itengeneze chupa ya kuvutia dawa: chukua chupa safi ya maji ya nusu lita, toboa kitako kwa tundu linalolingana na mdomo wa pampu, ziba pembeni kwa plasta. Ioshwe kwa sabuni ya vyombo na iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa, maana ikifutwa dawa hunata ukutani mwa chupa. Akibanwa, akae wima. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, avute pumzi tano kupitia mdomo wa chupa. Rudia mpaka mara nne. Asipopata nafuu ndani ya dakika 20, au akishindwa kumaliza sentensi, safari ya zahanati ianze huku mkirudia dawa njiani.

Aende au abaki?

Mafua mepesi bila homa: aende, na kitambaa cha kujifutia. Homa ya nyuzi 38: abaki, na apimwe malaria, kwa sababu baridi haiondoi mbu. Kikohozi: mvue shati, hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano akifikisha 40, au mkubwa akizidi 30, au mbavu za chini zikibonyea ndani anapovuta, hiyo ni dalili ya homa ya mapafu, na ni safari ya zahanati siku hiyohiyo, si ya kesho. Usimsugue kifua kwa mafuta ya taa; mvuke wake huharibu mapafu yaleyale unayotaka kuyaponya. Asali na tangawizi katika maji ya vuguvugu hutuliza koo kwa aliyezidi mwaka mmoja.

Mwalimu wa darasa aandike kwenye rejesta sababu ya kila asiyefika: homa, kikohozi, salfa, sare mbichi, au umbali. Orodha ya wiki mbili za kwanza za Julai inatosha kuonyesha kitongoji ambacho mwenyekiti wake anahitaji kuitwa.